Kandambili Mdomoni mwa Shimo

Sheria ya kuwalinda wachimba migodi niliitaipu mimi, kwa vidole vyangu kumi, na ndani yake farasi alikuwa na haki nyingi kuliko baba yangu. Sitanii. Ibara nzima ilisema kwamba farasi anayefanya kazi chini ya ardhi apewe maji safi, zizi kavu na siku ya kupumzika. Mimi nimezaliwa Bwiza, mtaa wa Bujumbura, na kukulia Bwiza, na farasi nilikuwa namjua kwenye picha tu. Lakini ibara ile niliitaipu mara tisa, karboni tatu chini yake, bila kukosea hata nukta, kwa sababu kazi ya mtaipaji ilikuwa kutaipu na siyo kuuliza farasi yuko wapi.

Farasi alitoka kwenye kitabu. Kamati ya wizara iliyoitunga sheria ile ilikuwa na kitabu kimoja kinene cha sheria za migodi za Ulaya, cha zamani, kinanuka mkojo wa panya, na kila ilipokwama ilinakili humo. Ndiyo maana tulikuwa pia na ibara tatu za gesi ya makaa ya mawe, katika nchi isiyochimba makaa ya mawe. Ningewacheka zaidi, lakini nilielewa. Ilikuwa wakati wa vita. Dhahabu na bati vilichimbwa kaskazini, barabara ya kwenda huko ilifunguliwa saa chache kwa siku, magari yakiongozana na askari, na aliyekuwa na akili zake hakwenda. Basi mabwana wa kamati wakakaa ofisini, pazia limefungwa kwa sababu ya jua, wakaandika sheria ya mashimo ambayo hawajawahi kuyachungulia.

Walikuwa wanne. Mwenyekiti alikuwa mwanasheria mnene, mkazi wa Mutanga Sud, mtaa wa wenye nacho, aliyelamba kidole kabla ya kufungua kila ukurasa, mpaka nakala zangu zote zikawa na pembe za mate. Wa pili alikuwa mhandisi, mwembamba, amesomea nje, mtu wa maneno machache, na viatu vyeusi vya ngozi alivyovipangusa kwa leso kila alipokaa. Wawili waliobaki walikuja kwa ajili ya soda. Siwasingizii. Soda zikiisha waliangalia saa.

Kuna wiki mbili nzima walizobishania rangi ya kofia ngumu. Mwenyekiti alitaka nyeupe kwa wakubwa na njano kwa wafanyakazi, mmoja wa watu wa soda akasema njano inavutia nzi. Kule milimani juu ya mji bunduki zilikuwa zinapigwa mchana kweupe, dirisha linatetema, na hawa wananyamaza kidogo, wanasikiliza kama inasogea au inakwenda, kisha wanarudi kwenye njano. Nami naandika.

Jioni nilirudi nyumbani Bwiza, kwa mchimbaji wa kweli.

Baba yangu alikuwa kapita wa shimo la changarawe kwenye ukingo wa mto Ntahangwa, chini kidogo ya Mutanga Sud. Kapita maana yake yeye ndiye aliyesema nani anaingia, nani anatoka, na nani ni mjinga. Kutoka shimo lile hadi kwa mwenyekiti wa kamati ni kupanda kilima kimoja tu, na changarawe iliyomwagwa uani kwake, ile aliyokuwa anaikanyaga kila asubuhi akienda kuingia garini, ilitoka kwa baba yangu. Yule bwana alikuwa ameishi juu ya mgodi miaka yote na kuutafuta kwenye kitabu cha Ulaya.

Watu wa mjini wanadhani changarawe inaokotwa mtoni. Ya juujuu, ndiyo. Lakini ile nzuri imelala ndani ya ukingo, tabaka zima chini ya udongo mwekundu, na ukiifuata unajikuta umeingia chini ya kilima. Shimo la baba lilikuwa limeingia ndani kama sebule mbili zilizofuatana, halafu likagawanyika, mkono mmoja kulia, mmoja kushoto. Hakuna mbao, hakuna nguzo. Kilikuwepo kichwa cha baba na mtaimbo wake. Kila asubuhi aliingia peke yake, akagonga kuta kwa ule mtaimbo, na kutega sikio. Ukuta mzima unaitika, alisema. Ukuta unaotaka kuanguka unakuwa bubu. Ukiwa bubu, watu wanakaa nje siku hiyo, wanavunja mawe, na asiyetaka arudi kwa mke wake.

Na kulikuwa na viatu.

Ndani walichimba pekupeku, kwa sababu changarawe mbichi inateleza na kandambili inakutupa. Basi kila mtu alivua mdomoni mwa shimo, akaviweka viatu vyake kwenye mstari mmoja, vidole vikielekea nje. Hiyo ilikuwa sheria ya baba, na ilianza kabla sijazaliwa. Ukitoka hata kwenda kukojoa, unavaa. Ukirudi, unavua. Kuazima kiatu cha mwenzako ni marufuku, kuruka mstari ni marufuku. Baba hakujua kusoma isipokuwa Kurani, na hiyo aliisoma kwa kukariri, lakini akitazama mdomo wa shimo alijua ni nani wako chini ya kilima na ni nani wako juu ya ardhi ya Mungu. Jioni hakuondoka mpaka pale mlangoni pamebaki udongo mtupu. Waislamu wa Bwiza walizoea upesi, maana msikitini ndivyo ilivyo. Wakristo waliotoka mtaa wa Mutakura walicheka siku ya kwanza, siku ya pili wakavua.

Mara moja tu sheria ile ilivunjwa. Bwana mmoja wa Mutakura alitoka akiwa na hasira, sijui aligombana na nani, akaenda zake pekupeku. Jioni jozi yake imebaki. Baba aliwarudisha watu wote, wakachimba kila palipoporomoka udongo mpaka mikono ikachubuka, wanaita, wanalia, na mmoja ameshaanza kumwombea. Kumbe mwenzao yuko kwake Mutakura anakula maharage. Alipokuja kesho yake kuchukua viatu, nusura wamzike kweli. Kwa miaka, shimoni pale, mtu akichelewa kidogo waliulizana kama anakula maharage.

Sasa siku moja kamati ilifika kwenye ibara ya daftari. Kitabu cha Ulaya kilisema kila mgodi uwe na daftari la wanaoingia na wanaotoka, na karani wa kuliandika, na kibanda cha karani. Mwenyekiti akauliza kibanda kiwe cha matofali au mbao. Ulimi uliniwasha. Kwa mara ya kwanza katika miezi yote ile nilifungua mdomo, nikawaeleza kuhusu viatu. Nilieleza vizuri, kwa Kifaransa changu cha shule ya masista, hata lile la vidole kuelekea nje.

Walicheka. Mwenyekiti alicheka mpaka akatoa miwani kufuta macho. Mmoja wa watu wa soda aliuliza kama na soksi nazo zinaandikishwa. Mhandisi naye alicheka, kidogo, akitazama viatu vyake. Kisha mwenyekiti akaniambia kwa upole, na upole wake ndio ulioniumiza, "Madamu, hii ni sheria ya taifa. Mambo ya kandambili tuyaache mtaani."

Nilitaipu kibanda. Nilikuwa na hasira, lakini chini ya hasira kulikuwa na kitu kibaya zaidi, na leo nakisema wazi: niliona haya. Niliporudi nyumbani nikaona kandambili za baba mlangoni, zilizokatwa kwenye tairi la gari na kufungwa kamba ya nailoni ya kijani niliyoifunga mimi mwenyewe, nikazisukuma pembeni kwa mguu.

Haikupita mwezi, wafadhili wakataka picha. Kwa sheria ya migodi wanayoigharimia, walisema, lazima kamati iwe imetembelea angalau mgodi mmoja. Maji yakamfika mwenyekiti shingoni, maana kaskazini hakwendeki, hata kwa farasi. Ndipo mhandisi akageuka akaniuliza baba yangu anachimba wapi hasa.

Baba alikubali kabla sijamaliza kueleza. Alinyoa ndevu, akavaa kofia yake ya Idi, akawaambia watu wake wasitukane hata tusi moja kuanzia saa mbili asubuhi. Wizara ilinikabidhi kofia ngumu za njano na jozi sita za mabuti ya mpira, zote za kupigia picha na kurudishwa. Nilitangulia nazo asubuhi kwa gari la kwanza, pamoja na dereva.

Mvua ilikuwa imenyesha. Baba aliingia na mtaimbo wake, akakaa muda mrefu kuliko kawaida, akatoka akifuta mikono. "Leo mutu asiingie kazini," alisema. "Ule mukono wa kushoto umekuwa bubu kule nyuma. Wageni wapigwe picha hapa mulangoni, wasifike mbali." Watu wake walikuwa wamekwisha vua wakimsubiri awaruhusu kuingia, mstari umejaa kama kila siku. Sita kati yao wakajaribu mabuti na kucheka miguu yao, waliobaki walikaa pekupeku wakisubiri. Baba, miguu imejaa matope, akaacha kandambili zake mstarini na kushuka mtoni kuosha uso na miguu kabla ya kuvaa.

Nikabaki na ule mstari mbele ya macho yangu. Kandambili zilizopasuka, zilizoshonwa kwa waya, moja nyekundu na moja ya bluu. Niliwaona kwa mawazo mabwana wangu wakishuka garini, nikasikia kile kicheko kabla hakijachekwa. Nikachukua gunia, nikazitia zote humo, nikafagia mdomo wa shimo kwa majani mpaka pakang'aa, na gunia nikampa dereva alitie kwenye buti la gari.

Baba aliporudi alisimama. "Mama," aliniambia, maana ndivyo alivyoniita akiwa na furaha, "viatu viko wapi?"

"Nimeviweka vizuri, Baba. Wageni wakiondoka tu nitavirudisha."

Alinitazama. Sikuweza kumtazama. Nadhani pale pale alielewa kila kitu, na kwamba anayeonewa haya siyo kandambili. Angeweza kunikemea mbele ya watu wake, na angekuwa na haki. Badala yake akasema, "Basi. Saa moja tu," akaenda kuwapokea.

Kamati ilifika kwa gari la pili. Mwenyekiti alishuka na mwavuli wakati mvua imeisha zamani, akanipa mimi nimshikie. Watu wa soda waliuliza kama kuna soda. Mhandisi aliangalia matope, akaangalia viatu vyake vya ngozi, akaomba mabuti, na mchimbaji mmoja akavua na kumpa yake. Vile viatu vyeusi nilivifunga kwenye gazeti na kuvipeleka mwenyewe kwenye gunia, kwa heshima zote, juu ya kandambili za watu.

Mwenyekiti alianza hotuba kwa Kifaransa, mbele ya wanaume kumi na kitu ambao kumi kati yao hawakuelewa hata neno. Alisema uhai wa mfanyakazi ni hazina. Nilikuwa nimesimama nyuma yake na mwavuli, nageuka alikogeuka. Sikuona mhandisi alipomsogelea baba. Mhandisi mwenyewe alinihadithia baadaye. Alikuwa amewasikia wachimbaji wakisema ukuta umekuwa bubu, akamwuliza baba kwa sauti ya chini, "Mzee, unajuaje ukuta kama ni bubu?" Na baba, ambaye katika maisha yake yote hakuna mtu msomi aliyewahi kumwuliza kitu, alichukua mtaimbo akasema, "Kuja nikuonyeshe. Kidogo tu."

Kisha kukalia. Mlio mmoja mzito, ardhi ikatikisika chini ya nyayo.

Sasa mtu ambaye hakuishi Bujumbura miaka ile hataelewa tulichofanya, naye ana bahati. Sisi mlio kama ule tulikuwa na maana yake moja: kombora limetoka milimani. Hakuna aliyefikiria. Mwili ulifikiria wenyewe. Wachimbaji walitawanyika, wengine kwenye matete ya mto, wengine mtaroni, wengine juu njiani. Mwenyekiti alilala kifudifudi kwenye matope na mwavuli juu yake. Gari moja liliondoka kwa kasi na milango wazi. Nami nililala, nimeziba masikio, nikingoja la pili, kwa sababu la kwanza halijawahi kuja peke yake. Tulingoja. Wakati mwingine nakokotoa tulingoja dakika ngapi, nashindwa. Ndege walianza tena kulia. La pili halikuja.

Mchimbaji mmoja aliinua kichwa akatazama shimo. "Jamani," alisema, "mulango umekuwa mudogo."

Tulikimbilia pale. Sebule ya kwanza ilikuwa imebaki nusu, na nyuma yake udongo mwekundu umejaa hadi juu, unaendelea kudondoka vipande vipande. Wote, kwa pamoja, walifanya walichokuwa wamekifanya maisha yao yote: waliteremsha macho kutazama mdomo wa shimo. Palikuwa safi. Palikuwa pamefagiwa. Hakuna aliyenitazama, na ningetamani wangenitukana.

Hapo ndipo mabishano yalipoanza. Mmoja alimwona kapita akikimbilia matete. Mwingine alimwona akipanda njiani. Mwenyekiti, matope mpaka kwenye nyusi, aliapa kwamba mhandisi ameondoka na gari, amemwona kwa macho yake akipanda. Kila mtu alikuwa amemwona mtu. Waliita, matete hayakujibu, lakini aliyejificha kombora hajibu upesi. Watu wawili walianza kuchimba, ukuta ukamwaga tena, wakaruka nyuma. "Nitatia vipi watu kumi chini ya kile kitu," alisema mkubwa wao, mzee wa makamo aliyemsaidia baba siku zote, "kama kapita iko kwake anakula maharage?" Hakuna aliyecheka. Alikuwa anasema kweli.

Mimi nilikwisha kuondoka. Gari lililokimbia ndilo lililobeba gunia, na dereva wa wizara angekimbilia wapi kama siyo kwa mwenyekiti? Nilipanda kile kilima na viatu vyangu vya ofisini mkononi. Sijui kuomba dua ndefu, mimi nilisema "Ya Rabi, viatu" kila hatua, kama mwendawazimu. Geti la Mutanga Sud lilikuwa limefungwa, nikaligonga kwa mawe mpaka mlinzi akafungua. Gari lilikuwa limesimama juu ya changarawe yetu, dereva amelala chini yake. Alinipa funguo bila kutoka. Nikajitwika gunia na kushuka, nikianguka mara mbili, na nilipofika walikuwa bado wanabishana.

Nililimwaga gunia mdomoni mwa shimo. Hakuna aliyeambiwa la kufanya. Walikuja mmoja mmoja, hata waliokuwa kwenye matete walikwisha kutoka, kila mtu akachukua jozi yake na kuvaa, kimya, kama watu wanaotoka msikitini. Nyekundu na bluu. Za waya. Rundo likapungua, nami natazama ile kamba ya kijani, nikiomba mkono wowote uje uiokote. Hakuna mkono uliokuja. Zilibaki kandambili za baba yangu, na pembeni yake kifurushi cha gazeti.

"Wawili," alisema yule mkubwa wao. Akavua tena zake, akaziweka kwenye mstari, vidole nje. Wengine wakafanya vivyo hivyo. "Basi kapita alikuwa anaonyesha mugeni ukuta bubu. Muchimbe kushoto."

Walichimba mpaka alasiri. Kofia za njano za wizara zilipata kazi siku ile, zilitumika kuchotea udongo, na mwenyekiti mwenyewe alisimama kwenye mstari akipokezana kofia na wachimbaji, tumbo nje, bila kusema neno la Kifaransa. Namshukuru kwa hilo hadi leo. Mhandisi alitoka kwanza, kichwa kimepasuka, anapumua. Baba alikuwa amemsukumia pembeni palipo na mwamba. Mwenyewe alikuwa amelala mguu wa kushoto chini ya jiwe, macho wazi, mtaimbo bado mkononi. Aliponiona aliniuliza, "Wageni wameenda?"

Mguu ulikatwa chini ya goti. Daktari aliniambia kwenye korido, na hakuwa mtu mbaya, alikuwa amechoka tu, kwamba kama jiwe lingeondolewa mapema, saa moja mapema hivi, labda mguu ungepona. Nikamjibu asante. Nilikwenda kukaa kwenye ngazi za nje na sikuweza kuinuka mpaka mfagiaji aliponiomba nimpishe.

Kamati ilikutana tena mhandisi alipotoka hospitali. Alikuja na bandeji kichwani, akakaa, hakupangusa kitu. Alifuta farasi kwa kalamu nyekundu. Alifuta kibanda. Kisha akamwomba Madamu, yaani mimi, nieleze tena lile jambo la viatu, polepole, naye akaligeuza kuwa Kifaransa cha sheria. Mwenyekiti alikohoa akasema anaheshimu sana, lakini sheria ya taifa haiwezi kutaja viatu. Mhandisi aliinama, akavua vyake vyeusi, akaviweka juu ya meza, katikati ya chupa za soda. "Bila hivi," alisema, "mlikuwa mnasema niko garini." Ibara ikapita.

Msinipigie makofi. Sheria ile ilipanda ngazi kwenda kusainiwa, mawaziri wakabadilika, ofisi zikahamishwa, na mpaka naacha kazi ile haikuwa imeshuka. Lakini nakala ya karboni niliichukua siku hiyo hiyo, nikaipeleka Bwiza kumsomea baba.

Alikuwa amekaa kitandani, mgongo ukutani, blanketi miguuni, nikisema miguuni mnielewe. Nilimgeuzia Kifaransa kwa Kiswahili chetu: kila anayeingia chini ya ardhi aache mdomoni mwa shimo jozi ya viatu vyake, vidole vikielekea nje, na asiondoke mtu yeyote kabla ya mdomo wa shimo kubaki mtupu. Alifumba macho akisikiliza. Nilipomaliza aliniomba nirudie. Nikarudia.

"Jozi," alisema.

"Ndiyo, Baba. Jozi ya viatu."

Hapo nikashindwa kujizuia, nikamwambia lile ambalo nilikuwa nalimeza wiki zote zile, kwamba ni mimi niliyeviondoa, kwamba niliona haya, kwamba mguu wake umekatwa na mimi. Nililia vibaya, kwa kelele. Aliniacha nilie mpaka mwisho.

"Najua," alisema. "Nilikuona ukifagia. Ningekukataza, ila ulikuwa umevaa vizuri siku ile." Kisha akainyooshea kidole ile karatasi. "Chukua kalamu, Mama. Hapo pa jozi, futa. Andika kiatu. Mutu aache kiatu chake. Ukiandika jozi, siku moja watatazama mulangoni, wataona kimoja, watasema hicho kimesahauliwa tu, na mi niko ndani."

Nilimwuliza kama kweli anafikiria kurudi shimoni. Aliniuliza kama kuna mtu mwingine ninayemjua anayesikia ukuta.

Asubuhi nilifika ofisini kabla ya wote. Nilichomoa ukurasa ule, nikaingiza karatasi mpya na karboni tatu, nikaitaipu ibara upya, na nilipofika pale niliandika kiatu.